Nafula, na Maelezo Niliyotia Sahihi

Mwanangu Tima,

Salamu nilikupa asubuhi jikoni, kwa hivyo sitazirudia. Sasa ni saa tisa alasiri. Umetoka na wenzako kwenda kuagana kule mtaa wa Oud Metha, babako amejilaza sebuleni, nami nimekaa kwenye kitanda chako kando ya begi lako, naandikia mapajani. Habari za soksi, dawa ya kifua na kupiga simu ukifika tumezisema mpaka zimechakaa. Hili ni jingine.

Jana uliniuliza kwa nini ami yako Athmani hatakuja kukuaga. Nikakwambia ana mzigo unapakiwa Hamriya na hawezi kuondoka bandarini. Nilikudanganya. Ami yako hana mzigo wowote kesho. Hatakuja kwa sababu Ijumaa iliyopita nilimwinua kwenye meza yangu chakula kikiwa nusu, na sijutii. Wewe ulikuwa umekwenda kwa fundi kuchukua nguo zako. Uliporudi ulikuta wali umepoa na babako ameinamia simu, ukadhani wamegombana kwa ajili ya biashara. Tuliogombana ni mimi na ami yako, na tuligombana kwa ajili yako na kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye hujawahi kulisikia jina lake.

Nimechagua karatasi kwa sababu simu haina siri, na mji huu wa Waarabu una sheria zake. Nimeishi humu miaka ishirini na miwili kwa kujua nini nisiseme na wapi nisikiseme. Lakini kwako sitaandika kwa mafumbo. Ukishaisoma ukaona heri uichane, ichane. Ukitaka kuiweka, iweke. Mimi nimeshaisema.

Unajua nilikuwa jeshini. Picha yangu ya kombati umeikuta kwenye kabati la vyombo tangu ulipozaliwa. Hadithi ya mafuriko pia unaijua, maana babako huisimulia kila akija mgeni: vile lori lilivyozama mtoni na mkewe akakaa juu ya paa mpaka akaokolewa. Usilolijua ni nani aliyeniokoa. Kila nilipoulizwa nilisema, "Mwenzetu mmoja." Miaka yote hii nimemwita mwenzetu mmoja. Jina lake ni Nafula.

Alikuwa mtu wa Bungoma, koplo kama mimi, mkubwa wangu kwa miaka miwili. Alikuwa dereva wa malori makubwa na mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kamanda. Tulipangwa chumba kimoja katika bweni la wanawake. Kambi sitaitaja, na walioamua mambo sitawataja, kwa sababu habari hii ni yangu na sitaki kuwapa wengine sehemu yangu ya kosa.

Siku ya mafuriko tulikuwa kaskazini, malori matatu yanafuatana. Tukafika kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, mbuzi wanapita. Lori la Nafula likavuka la kwanza. Letu likafuata. Pale tulipokuwa hakukuwa na tone la mvua, ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na maji yalikuja kama ukuta wa matope. Lori likazimika katikati. Tulikuwa wanne, tukapanda juu ya paa. Pamoja nasi alikuwamo kijana mmoja, Mutiso, mwenye kifua kipana na maneno mengi kambini. Siku ile alilia akimwita mamake.

Nafula alirudisha lori lake nyuma mpaka ukingoni, akafunga kamba kwenye ndoano, akajifunga mwenyewe kiunoni, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Alikuja mara nne. Alimbeba Mutiso mgongoni, maana miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimwambia siwezi kushuka. Akasema, "Mwanasha, mimi nimechoka, sitakubembeleza. Shuka." Nikashuka.

Miezi michache baadaye, Jumamosi moja, tulikuwa chumbani tunapiga pasi sare. Akaniuliza, "Nikikwambia kitu, utakaa nacho?"

Nikasema, "Nitakaa nacho."

Akaniambia kuna mwalimu mmoja kule mjini, mwanamke, na kwamba wamekuwa pamoja miaka minne. Wamenunua kipande cha ardhi. Akimaliza utumishi wake watajenga. Alilisema kwa sauti ya kawaida huku akinyoosha ukosi wa shati, lakini ukosi ule ule aliupiga pasi mara tatu. Mimi nilikuwa binti wa Kwale, nimelelewa kwenye chuo cha Kurani na msikitini, sijawahi kusikia mtu akisema jambo hilo juu ya nafsi yake. Watu wa namna hiyo kwetu walikuwa mzaha wa watu wazima. Na sasa alikuwa ni huyu aliyenitoa majini. Nikauliza upuuzi. "Huyo mwalimu anajua kupika?"

Nafula alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Baadaye tukaenda kula. Nilijiona mtu mwema sana siku ile, Tima. Nilijiona nimepita mtihani. Sikujua kwamba mtihani wenyewe ulikuwa bado haujaja.

Ulikuja kwa njia ya barua. Mtu alipekua lori la Nafula akakuta barua ya mapenzi aliyokuwa hajaituma, imeandikwa kwa mkono wake, haina jina la mpokeaji. Maneno yakaenea kambini kwa siku mbili. Kwenye foleni ya chakula watu walianza kuacha nafasi kati yao na yeye. Mutiso, yule aliyebebwa mgongoni, alisema mbele yangu kwamba hawezi kulala kambi moja na mtu wa namna ile, kwamba mtu wa namna ile hawezi kuaminiwa vitani. Nilitaka kumwuliza kama siku ile mtoni alimwamini au hakumwamini. Sikuuliza. Nilishika sahani yangu nikaenda kukaa.

Siku ya tatu meja akaniita ofisini. Alinipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Koplo, wewe ni mtu wa dini?"

"Ndiyo, afande."

"Unalala chumba kimoja na Koplo Nafula."

"Ndiyo, afande."

"Barua hii ina mwandishi lakini haina mwandikiwa. Mwandikiwa ni wewe?"

"Hapana, afande."

"Basi ni nani?"

Nikanyamaza. Akangoja. Alikuwa mtu mpole, hakugonga meza. Akasema, "Ukinyamaza nitalazimika kuandika kwamba ni wewe. Na taarifa itafika kwenu. Utawaelezaje wazazi wako?"

Nikamfikiria baba yangu akisoma karatasi ile barazani. Nikasema si mimi, ni mwalimu. Angetosheka na hapo. Hakuniuliza jina la mwalimu, Tima, wala jina la shule. Nililitoa mwenyewe. Nilitaja jina lake lote, nikataja na shule, kwa sababu nilitaka aniamini kabisa, nilitaka nitoke mle ndani nikiwa safi. Hilo ndilo jambo ambalo kwa miaka mingi sikuweza kulisema hata kwenye sijda.

Meja akasema, "Wewe si ndiye karani? Kaichape hiyo taarifa." Nikaenda kwenye meza yangu, nikaichapa mwenyewe kwa taipureta, kurasa mbili. Mahali nilipokosea herufi nilirekebisha kwa wino mweupe. Nikatia sahihi.

Nafula aliachishwa kazi wiki iliyofuata. Walimwandikia kwamba ni kwa tabia isiyofaa. Hakuagwa. Nilimwona akielekea langoni na sanduku moja, nikatoka mbio kumfuata, sijui nilitaka kumwambia nini. Alisimama. Hakunipigia kelele. Aliniuliza jambo moja tu.

"Uliichapa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi haikuwa na makosa," akasema, akatoka.

Yule mwalimu naye alifukuzwa kabla ya muhula kwisha. Mimi, miezi mitatu baadaye, nikapewa cheo cha sajini. Nilikivaa mwaka mmoja na nusu kisha nikaomba kuondoka. Watu walidhani ni kwa sababu ya kuolewa na babako na kuja huku. Niliwaacha wadhani hivyo.

Utafikiri baada ya hapo nilijifunza. Sikujifunza. Nilijiambia sheria ni sheria, dini ni dini, na mimi niliulizwa nikajibu. Mtu akishajidanganya vizuri anaweza kulala usingizi mnono miaka mingi. Na kosa ambalo hukulikiri hulirudia, kwa sababu bado unalihesabu kuwa ni hekima.

Unamkumbuka Lamis, binti wa Kisudani wa ghorofa ya nne. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mlikuwa mnasoma pamoja, mnakula pamoja, mnachekea chumbani humu humu mlango umefungwa. Siku moja nilikukalisha jikoni. Nilikuvutia kiti. Nikakuuliza, "Wewe na Lamis mna nini?" Nilikuuliza kwa upole, kama vile meja alivyoniuliza mimi. Ukasema, "Mama, unataka nikujibu nini?" Kesho yake nikashuka ghorofa ya nne nikamwambia mamake Lamis kwamba mna mitihani, heri kila mtu asome kwao. Hukuzungumza nami wiki tatu. Walipohamia Qatar hukuniambia kwamba wameondoka. Niliona mazulia yao nje kwenye lifti.

Sijui mlikuwa na nini wewe na Lamis. Pengine urafiki tu. Pengine zaidi. Nimeileta habari hiyo ili nikuombe radhi kwa swali lile, na sitaki jibu lake. Sikuulizi leo, na sitakuuliza ukirudi, na mtu yeyote akikuuliza mbele yangu nitamjibu mimi. Swali lile nilishawahi kuulizwa, najua linachokifanya kwa mtu. Ukitaka siku moja kuniambia jambo, niambie kwa sababu umetaka.

Sasa nije kwenye mwaka juzi. Unajua nasimamia walinzi wa kike pale kliniki. Wasichana wanatoka mabweni ya Al Quoz kwa basi la kampuni, zamu ya asubuhi inashuka, ya usiku inapanda. Asubuhi moja yule dereva wetu wa Kihindi alikuwa ameugua, wakaleta dereva mwingine. Mlango ukafunguka na kwenye usukani alikuwa Nafula. Amenenepa kidogo, nywele zina mvi, miwani ya jua imepandishwa kichwani. Wasichana walikuwa wanashuka mmoja mmoja, na sisi tunatazamana juu ya vichwa vyao. Wa mwisho aliposhuka akasema, "Sajini."

Alijua kwamba nilipewa cheo.

Niliomba kuongea naye. Akasema ana dakika kumi, kisha ni yalla, safari, ana zamu nyingine ya kupeleka. Nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma yake, nikaanza kulia. Akasema, "Mwanasha, mimi sina haja na machozi yako. Hii miaka yote nimeona ya watu wengi."

"Nisamehe," nikasema.

"Hilo tuliweke kando. Kuna kitu nataka." Akazima injini. "Uliandika kurasa mbili. Mafuriko yako wapi kwenye hizo kurasa? Watu wanne niliowatoa majini wako wapi? Kila kazi ya maana niliyoomba waliniuliza, ulifanya nini kabla ya hii? Miaka minane ya maisha yangu siwezi kuitaja, kwa sababu nikiitaja wataomba cheti, na cheti kinasema mimi ni mtu wa tabia chafu. Andika nyingine. Andika ulichokiona kwa macho yako, halafu andika vile hiyo ya kwanza ilipatikana. Weka jina lako. Tuma kule kule."

Nikamwambia nitafikiria. Unajua nilifikiria muda gani? Miezi saba. Kila asubuhi basi lake lilipopangiwa njia yetu nilimsalimia, akanijibu, wala hakuniuliza tena. Niliogopa wakwe. Niliogopa babako. Niliogopa jina langu, jina la mke wa mtu na mama wa mtu, likae kwenye karatasi moja na jambo lile.

Aliyenitoa kwenye woga ni wewe, na wala hukujua. Ulikuja mezani na zile fomu za kujiunga na jeshi la Uingereza. Babako alikuwa anauliza mambo ya afya na mkataba. Mimi nikakuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama kweli huko watu wale wanaruhusiwa kutumikia waziwazi. Ukasema, "Ndiyo, mama. Zamani walikuwa wanafukuzwa, siku hizi sheria imebadilika." Nikakuuliza, "Na wenzao wanaonaje?" Ukasema, "Wapo watakaochukia, watu ni watu. Lakini ukiwa chini ya gari unataka anayejua kulinyanyua." Kisha ukaniomba nikupitishie chumvi.

Niliandika usiku huo huo na asubuhi iliyofuata. Kurasa tatu. Niliandika mto, kamba, mara nne, Mutiso mgongoni. Niliandika kwamba nililala chumba kimoja na Nafula miaka mitatu na hakuwahi kunigusa wala kuniangalia vibaya, na kwamba hata kama angependa wanawake wote wa dunia isingepunguza hata hatua moja katika zile alizotembea kwenye maji. Niliandika nilivyoulizwa na nilivyojibu. Sikumlaumu meja. Niliandika, "Niliogopa, nikamtoa mwenzangu." Nikapeleka kwa wakili akaipiga muhuri, nikaituma kule kule jeshini.

Wamejibu mstari mmoja, kwamba imepokelewa. Hawajasema zaidi mpaka leo. Huenda wasiseme kamwe. Cheti cha Nafula hakijabadilika, na sitaki ufikiri kwamba kurasa zangu tatu zimeponya kitu. Nilimpa nakala. Aliisoma akiwa ameegemea gurudumu la basi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akasema, "Sasa umeandika." Hajasema amenisamehe. Sijamwuliza tena.

Lakini karatasi ina miguu. Katika ofisi zile yupo mtu wa ukoo wa babako, naye akamwambia ami yako Athmani kwamba shemeji yake ameandika kuwatetea watu wa namna ile, kwa jina lake kamili. Ndipo Ijumaa akaja kula kwetu.

Hakungoja hata birika la chai. Akasema mbele ya babako, "Kwanza mama anaandika barua za aibu. Sasa binti anapelekwa kwenye jeshi ambalo wanaume wanaoana na wanawake wanaoana na wanapigiwa saluti. Salim, hii nyumba inaongozwa na nani?"

Babako akaitazama sahani yake. Mimi nikaweka upawa chini nikawasimulia yote, yale niliyokuandikia hapa. Babako alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza, ami yako akasema, "Kwa hivyo unawatetea."

"Namtetea aliyenitoa majini."

"Na dini yako umeiweka wapi?"

"Pale pale ulipoiacha," nikasema. "Naswali, nafunga, sijabadilisha kibla. Lakini nilipokuwa chuoni mwalimu wangu alinifundisha kwamba siri ya mtu ni amana, na kwamba kuna siku nitaulizwa juu ya amana. Nafula alinipa amana, shemeji, nikaiuza kwa kiti na cheo. Hilo ndilo nitakaloulizwa mimi. Ya Nafula ataulizwa Nafula na aliyemuumba, wala si wewe wala si meja."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza lile swali. "Na Tima akiwa hivyo?"

Nilimwona babako ameinua macho. Na mimi, mwanangu, baada ya miaka ishirini na mitano ya woga, nilistaajabu kuona sina woga hata kidogo. Nikamwambia, "Tima akiwa hivyo atakuwa Tima. Na wewe kofia yako iko kwenye kiti cha mlangoni." Sikupaza sauti. Akasimama, akamtazama babako akingoja amzuie. Babako hakumzuia. Akaondoka.

Najua itatugharimu. Ami yako na babako wanapakia pamoja pale bandarini tangu kabla hujazaliwa. Wake za jamaa wameacha kunipigia. Juzi mmoja tulikutana dukani akageukia rafu ya mchele akaisoma kama msahafu. Nimeliona hilo, na ningeandika tena zile kurasa tatu. Ningeandika nne.

Babako alinyamaza siku tatu. Jumatatu jioni akaja jikoni. Akauliza, "Mbona mimi hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona nilivyo."

Akakaa. Babako si mtu wa maneno, unamjua. Akasema, "Mambo haya siyaelewi, Mwanasha, na sijui kama nitayaelewa. Sitakudanganya. Lakini kila mgeni anayekuja namsimulia mafuriko. Na yule aliyekutoa yuko hapa hapa, anaendesha basi, na mimi sijamwambia ahsante." Kisha akaniomba namba yake.

Alimpigia yeye mwenyewe, pale pale, mimi nikisikiliza. Alijitambulisha kwa adabu zote kama anayeposa. Alimwambia binti yetu anasafiri, na kwamba ndugu yake aliyekuwa atupeleke uwanja wa ndege hatakuja, na kama hatachukia, angependa yeye ndiye akupeleke, ili apate nafasi ya kumshukuru uso kwa uso. Nafula aliuliza ndege ni saa ngapi. Kisha akasema, "Nitampeleka mtoto. Yeye hajanikosea."

Kwa hivyo kesho saa kumi na mbili asubuhi atakayekuja ni yeye, na gari lake mwenyewe. Kaa kiti cha mbele. Usimpe pole na usimwombee mama yako msamaha, hiyo ni kazi yangu. Mwulize malori. Mwulize vipi unapima kina cha maji kabla hujavuka. Anajua mengi kuliko wakufunzi watakaokungoja huko, na hajapata mtu wa kumfundisha.

Siwezi kukwambia utakutana na nini kule. Sheria yao imebadilika lakini umeniambia mwenyewe, watu ni watu. Pengine mtu wa kitanda cha jirani atakuwa kama Nafula, na wengine watakuwa kama Mutiso, na siku moja mtu mwenye cheo na sauti ya upole atakuvutia kiti akuombe neno moja tu juu ya mwenzako. Mimi nilidhani woga huja na bunduki. Kwangu ulikuja na kiti. Ukikisikia kikivutwa, baki umesimama. Na kama anayetakiwa kusemwa ni wewe, basi jua nyumbani kwako hakuna anayengoja maelezo.

Nakusikia mlangoni, unacheka na walinzi wa jengo. Nakunja karatasi. Ufunguo wa nyumba hii usiuache kwenye droo, nenda nao. Ukirudi, rudi peke yako au rudi na umtakaye. Tupigie tu simu mkifika uwanjani mtuambie mko wangapi, nami nitapima mchele.

Mamako,
Mwanasha